Neno la Kuachia Mshale

Katika kliniki alikofanya kazi Kimaiyo, nyuma ya mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, hapakuwa na mshipa uliomshinda. Wauguzi walipohangaika na mkono wa mtoto mnene, au wa bibi aliyekaushwa na maradhi ya sukari, walimwita atoke maabara. Alikuja bila haraka, akafunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa kwa ncha ya kidole huku akitazama ukutani, kisha akachoma mara moja tu. Damu ikaja. Wagonjwa walimwita daktari, naye alikwisha kuchoka kuwaeleza kwamba yeye ni mtu wa maabara.

Mtu huyo huyo, akishikishwa upinde, hakujua mshale wake ungetua wapi.

Lau jambo lenyewe lingekuwa mchezo wa kupitisha jioni, angelicheka pamoja na waliomcheka. Lakini baba yake, Mzee Kibii, ambaye shamba lake lilikuwa upande wa Rongai, ndiye aliyekuwa mshika upinde wa ukoo. Kila Desemba jamaa walipokusanyika kwake, maksai mmoja alitolewa damu kwa mshale, kama walivyofanya wazee wa wazee wao. Ukanda wa ngozi ulifungwa shingoni mwa mnyama hadi mshipa ukavimba. Mshale mfupi, wenye kipande cha mti kilichofungwa nyuma ya chembe, ile ncha ya chuma, ili usizame zaidi ya urefu wa ukucha, ulipigwa kwa karibu. Damu iliruka ikakingwa kwa kibuyu, ukanda ukafunguliwa, na maksai akarudi malishoni kama aliyeumwa na nzi tu. Damu hiyo ilichanganywa na mursik, yale maziwa ya kibuyuni, wakapewa akina mama waliojifungua mwaka huo. Wale wa ukoo ambao kanisa lao liliwakataza kunywa walikuja hata hivyo. Walisimama kando wakaangalia, na hakuna aliyetaka kukosa.

Sasa mkono wa kulia wa Mzee Kibii ulikuwa umeanza kutetemeka. Ulitulia ulipogandamiza kitu, lakini ulipoachwa hewani ulicheza wenyewe, na upinde haushikwi na mkono unaocheza. Basi katika mkutano wa mwaka uliopita mzee alisimama mbele ya jamaa zake akasema kwa kifupi kwamba mwaka ujao yeye atashika shingo, na Kimaiyo ndiye atakayepiga. Kama Kimaiyo hataweza, upinde utahamia nyumba ya marehemu ndugu yake, kwa Bethwel. Bethwel alikuwa mkulima wa ngano jirani hapo, mwenye mkono mtulivu, na hakuficha kwamba alikuwa akingoja.

Shida ya Kimaiyo haikuwa kwamba hakujua kulenga. Asiyejua kulenga hukosa kwa namna moja, na anayekosa kwa namna moja hufundishika. Yeye alipata na kukosa pasipo mpango wowote. Mwisho wa juma alipokuja shambani, aliamka kabla ya wengine, akaliendea gunia lililoshindiliwa mabua ya ngano, likavikwa kipande cha ngozi kuukuu na kufungwa kwenye nguzo ya zizi. Alichora doa la chaki kwenye ngozi, akarudi nyuma kidogo, akapiga. Mshale ulikaa ndani ya doa. Akapiga tena, ukakaa karibu na mwenziwe, hata manyoya yakagusana. Alijiona mtu. Kisha jua likapanda, mzee akamaliza chai yake, akaja kusimama kando ya gunia kama atakavyosimama siku yenyewe, akaweka kidole gumba juu ya doa kana kwamba anatafuta mshipa, akakiondoa, akasema, "Wacha." Mshale ukapaa juu kushoto ukagonga nguzo.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, Kimaiyo aliutafuta ubovu katika vitu kabla ya kuutafuta katika nafsi yake. Alishuku ugwe wa upinde, maana ulisokotwa kwa kano za ng'ombe, na kano hunyonya umande zikalegea. Akawa anauhifadhi katika kopo lenye mchele mkavu. Alishuku mishale. Aliibeba hadi maabara, akaipima uzito mmoja mmoja kwenye mizani ya dawa, akakuta kweli haikulingana, akaikwangua kwa kigae cha chupa hadi ikalingana. Alikwenda kupimwa macho, akaambiwa macho yake ni ya kijana. Baada ya yote hayo, asubuhi akiwa peke yake alipata, na baba yake akisimama kando alikosa, ila mara chache alipopata bila kujua kwa nini, na hizo mara chache ndizo zilizomtesa zaidi.

"Daktari," Bethwel alimwita siku moja akiwa ameegemea ua, suruali yake nyeupe kwa vumbi la mavuno. "Hiyo gunia imekukosea nini? Kila siku unaipiga masikio."

"Gunia haina masikio."

"Haina tena. Umeyamaliza."

Kimaiyo alichomoa mshale kutoka kwenye nguzo bila kugeuka. "Si uje upige wewe basi."

"Mimi sijaambiwa nipige. Nitapiga nikiambiwa." Kejeli ikamtoka Bethwel. "Nasema tu, ndugu yangu. Siku ile hapo kando hakutakuwa na nguzo. Kutakuwa na mkono ya mzee. Na ukipita mkono, kuna koo ya ng'ombe."

Mzee Kibii alikuwa amekwisha kuelekea nyumbani, mkono wa kulia ameusokomeza mfukoni ili utulie. Usiku wote uliotangulia Kimaiyo alikuwa akiwaza hayo hayo.

Aliyegundua kilichokuwapo ni Chepkirui, mke wake, naye hakuwa akitafuta. Alimpiga video kwa simu ili awatumie dada zake wacheke. Jikoni, wakati wa chai, aliirudisha video polepole, akaitazama, akaacha kucheka.

"Baba Jebet, hebu njoo uone vidole vyako."

Kimaiyo aliinama. Kwenye kioo cha simu aliona mkono wake umevuta ugwe hadi shavuni, vidole vimelegea vizuri, tayari kufunguka. Kisha sauti ya baba yake, iliyovutwa ikawa nzito kama ya mtu aliye kisimani, ikasema lile neno. Vidole havikufunguka. Vilikaza kwanza, bega likaruka, ndipo vikajikwamua, na mshale ukaenda zake.

"Unashtuka," Chepkirui alisema. "Kama mtu amekutwa akilamba sukari."

Mama yake Kimaiyo, Nanjala, alikuwa akimimina chai. Alisimamisha birika hewani. "Anaambiwa nini hapo?"

"Anaambiwa wacha."

"Wacha," Nanjala alirudia, akaliweka birika chini. Mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Kumbe ni mimi naharibu mishale ya watu. Huyu mtoto nilimwambia wacha asubuhi mpaka jioni. Wacha kiberiti. Wacha mkia ya paka. Wacha kuchezea upinde ya babako." Lile la mwisho lilipomtoka, kicheko kikamkauka.

Ilikuwa hivyo. Nanjala alikuwa Mbukusu wa upande wa Kitale, na mumewe Mkalenjin. Walikutana wakifanya kazi katika kiwanda kimoja cha maziwa mjini Nakuru, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumba yao ilijengwa kwa Kiswahili. Watoto walikulia humo. Kikalenjin cha Kimaiyo kilitosha kusalimu na kuomba maji. Na katika Kiswahili hicho cha nyumbani, neno wacha lilikuwa na nyuso mbili: lilimaanisha fungua mkono kitu kiende, na lilimaanisha koma usifanye. Mzee Kibii alilitumia kwa uso wa kwanza. Lakini Kimaiyo alikuwa amelisikia kwa uso wa pili tangu kabla ya kuota meno, kutoka kinywa cha mama yake, mara nyingine likifuatwa na kofi. Akili yake ya utu uzima ilijua baba anataka nini. Vidole vyake havikujua. Vilitii amri mbili kwa wakati mmoja, kimoja kikivuta huku na kingine kule, na mshale ulikuwa ukichagua wenyewe.

Alimweleza baba yake jioni ile. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua hunyesha kwa sababu ya hesabu.

"Basi piga bila mimi kusema."

"Haiwezekani, baba. Wewe ndiye unasikia mshipa. Mimi nitajuaje umetoa kidole?"

"Utaona."

"Nikiangalia kidole sitaangalia mshipa."

Hapo mzee alikubali, maana ndivyo naye alivyofundishwa: mpigaji huangalia mahali pa kupiga, na asiangalie kitu kingine, masikio ndiyo humwambia wakati. Wakaanza kutafuta neno jingine. Kimaiyo alipendekeza piga, mzee akakataa kabisa. "Ng'ombe yangu hapigwi. Ng'ombe ni mtu ya nyumba. Anaachiwa mshale." Achilia lilikuwa refu mno, mshipa utakuwa umesinyaa kabla neno halijafika mwisho. Haya lisingefaa, kwa kuwa mzee alisema haya kila alipoinuka, alipoketi na alipomaliza kupiga chafya. Walijaribu neno la Kikalenjin, lakini Kimaiyo alilipokea kama mgeni mlangoni. Alilitazama kwanza, akalitafsiri, ndipo akaachia, na kuchelewa huko kukawa kukosa kwingine.

"Si useme sasa?" Chepkirui aliuliza kutoka mlangoni. "Ni fupi. Haikatazi mtu."

Wakajaribu. Mzee aliondoa kidole akasema, "Sasa," na mshale ukatua katika doa. Wakarudia, ukatua tena. Wakarudia hadi giza likaingia na Nanjala akaja kuwaita wale. Usiku ule Kimaiyo alilala usingizi wa mtoto.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri kupita yote ya mwaka ule. Mshale ulitua popote alipoangalia. Hata Bethwel alikuja, akasimama akitazama kwa muda, akasema, "Ai, daktari umepona," na akaondoka. Mzee Kibii alianza kumweleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza: jinsi ya kujua maksai aliyetulia kwa kumwangalia mkia, jinsi ya kusema na mnyama kabla ya kumfunga ili asidhani anachinjwa. Waliketi pamoja kwenye magogo ya zizi, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima Kimaiyo alihisi kwamba baba yake anamwona.

Ndipo likatokea jambo la kliniki. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Kimaiyo alikuwa ameshika bomba la sindano lililojaa damu ya mgonjwa, akiligeuza polepole ili damu isigande, wakati kijana mmoja alipotia kichwa mlangoni akasema, "Sasa, daktari. Majibu yangu tayari?" Vidole vya Kimaiyo vikafunguka. Havikuteleza wala havikulegea; vilifunguka vizuri, vyote pamoja, kama alivyovifundisha. Bomba likaanguka sakafuni.

Alisafisha damu, akamwomba radhi mgonjwa, akamtoa damu nyingine. Aliketi kwenye kiti cha maabara akawaza kwa utaratibu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Nakuru nzima watu husalimiana kwa neno hilo. Shambani halikusikika sana. Wazee wa huko walisalimiana kwa Kikalenjin. Lakini Desemba shamba lingejaa watu wa kutoka mijini.

Angeweza kumwambia baba yake jioni ile ile kwa simu. Alishika simu. Aliwaza kwamba watalazimika kuanza upya, na neno jipya, na pengine mishale irudi kupaa juu kushoto, na yalikuwa yamebaki majuma mawili tu. Aliwaza uso wa baba yake pale kwenye magogo. Akajiambia kwamba siku ile watu wote watakuwa kimya, kwa kuwa hunyamaza kila mwaka. Hakuna anayepiga kelele maksai akifungwa. Akairudisha simu mfukoni. Siku iliyofuata, alipomsikia mtu akisalimu ukumbini, aliweka sindano mezani kwanza, akangoja, ndipo akaichukua tena. Alifanya hivyo kila siku, na hakumwambia mtu.

Siku yenyewe ilipambazuka bila wingu. Magari yaliegeshwa hadi nje ya lango. Akina mama wenye watoto wachanga walikalishwa kivulini, na Jebet, binti yake Kimaiyo, alizunguka akiwabusu watoto mmoja mmoja. Maksai alikuwa wa kijivu, mpole, na mkia wake ulining'inia bila wasiwasi. Mzee Kibii alimwendea akasema naye kwa sauti ya chini, akamkuna nyuma ya pembe, kisha akazungusha ukanda wa ngozi shingoni na kuukaza. Mkono wake uliokuwa ukicheza njia nzima ulitulia ulipoigusa ngozi ya mnyama.

Watu wakanyamaza. Kimaiyo hakukosea kuhusu hilo. Walinyamaza wote, hata watoto.

Alisimama mahali pake, akapachika mshale, akavuta. Aliona shingo ya kijivu, na juu yake kidole gumba cha baba yake kikipapasa, kikishuka, kikisimama. Chini ya kidole kile mshipa ulikuwa ukipanda. Hakukitazama kidole. Alitazama mahali palipokuwa chini yake, kama alivyofundishwa, akapatazama hadi kila kitu kingine kikafifia, na mkono wake ukawa mtulivu kama katika maabara.

Nyuma ya kundi, mtu alikuwa ameingia langoni. Alikuwa Sitati, mpwa wa Nanjala, aliyefanya kazi katika shamba la maua huko Naivasha, na ambaye kila mwaka alichelewa. Mikononi alibeba fungu kubwa la waridi kwa ajili ya shangazi yake, kubwa hivi kwamba halikumruhusu kuona vizuri mbele. Juu ya maua aliona kichwa cha binamu yake tu, na furaha ikamjaa.

"Sasa, daktari," Sitati alisema.

Mshale ukaenda mahali hasa alipokuwa akipaangalia. Katika mwaka mzima wa mazoezi hakuwahi kupiga vizuri namna ile. Uliingia katika nyama ya kidole gumba cha Mzee Kibii, ukatokea upande wa pili, ukaichoma ngozi ya maksai kidogo tu, kwa sababu kile kipande cha mti kiliuzuia. Maksai alijitikisa. Mzee hakupiga kelele. Alitazama mkono wake kama mtu anayetazama kitu cha jirani, na ukanda hakuuachia.

Kimaiyo hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika pale. Alikumbuka kwamba Chepkirui alimletea mkoba wake kutoka garini kabla hajauomba, na kwamba vidole vyake vilifanya kazi bila kosa: vilishika mshale nyuma ya kile kipande cha mti, vikauvuta utoke kwa njia uliyoingilia, vikagandamiza pamba juu na chini. Damu ya baba yake ilikuwa ya moto kuliko alivyotazamia. Waridi za Sitati zilikuwa chini, naye Sitati alikuwa akiwauliza watu, mmoja baada ya mwingine, amefanya nini.

"Nilisema sasa?" Mzee Kibii aliuliza.

"Hapana, baba."

"Ulisikia nani?"

"Nilisikia Sitati akinisalimia." Kimaiyo alikaza pamba. Alijua angeweza kuishia hapo. Kila mtu pale alikuwa tayari kumwita Sitati mkosaji, au shetani, au bahati mbaya, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. "Baba, nilijua. Kazini mtu alinisalimia hivyo nikaangusha damu ya mgonjwa. Nilijua hili neno linaweza kunifungua mkono wakati wowote."

Nanjala, aliyekuwa amemshika mumewe begani, aliacha kuomba Mungu.

"Lini?" mzee aliuliza.

"Kama majuma mawili."

"Na tulikuwa tunaketi hapo kwa magogo, mimi na wewe."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nilikuwa napata," akasema.

Mzee Kibii alimtazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Kimaiyo angeipokea hasira kama rehema. Kilichokuwapo ni ule umakini wa mtu anayerudi nyuma katika kumbukumbu zake, akipitia mazungumzo ya jioni zile moja moja, akiyapunguzia thamani.

"Mzee," Bethwel alisema kwa sauti ya chini, akiwa amesogea karibu, "ng'ombe bado amefungwa. Tumfungue?"

Hilo lilikuwa swali la haki, maana mnyama hawezi kukaa na ukanda shingoni, na mama wenye watoto walikuwa bado wameketi kivulini na vibuyu vyao vya maziwa. Kimaiyo aliinua kidevu kuelekea upinde uliokuwa umelala kwenye nyasi.

"Chukua, Bethwel."

Bethwel hakuinama. Alimtazama mzee kwanza, na katika macho yake Kimaiyo hakuona ushindi. Aliona uoga. Mzee Kibii alisema maneno machache kwa Kikalenjin, na Bethwel akauokota upinde.

"Shikilia hii," mzee alimwambia mwanawe, akimaanisha mkono uliojeruhiwa. "Usiachie." Kisha akauweka mkono wake wa kushoto shingoni mwa maksai.

Hivyo Kimaiyo alijikuta amesimama upande wa mnyama, akiwa ameuinua mkono wa baba yake juu ya kifua na kuukandamiza kwa nguvu zake zote, uso wake ukielekea mahali alipokuwa amesimama yeye mwenyewe muda mfupi uliopita. Bethwel alivuta. Kutoka upande huu chembe ya mshale ilikuwa doa jeusi, dogo, lisilosema linakwenda wapi. Kimaiyo alitaka kurudi nyuma hatua moja na hakuweza, kwa kuwa alikuwa ameshika jeraha. Aliwaza kwamba mzee alikuwa amesimama hapa mwaka mzima, kila mwisho wa juma, kando ya gunia, mishale ikipaa juu kushoto, na hakuwahi kuondoa mguu.

Mzee alisema neno moja kwa Kikalenjin. Kimaiyo hakulijua.

Damu ikaruka kibuyuni kwa mshindo laini. Watu wakavuta pumzi. Ukanda ukafunguliwa, jeraha la maksai likafungwa kwa vidole na kukauka, naye akaondoka kwenda malishoni bila haraka. Bethwel alisimama na upinde mkononi, hajui auweke wapi, hadi mzee alipomwonyesha kwa kichwa nyumba ya Bethwel mwenyewe, ng'ambo ya ua. Alikwenda nao.

Mkono ulihitaji kushonwa. Kimaiyo alimchukua baba yake kwa gari kuelekea Nakuru. Mzee alikataa kiti cha mbele. Aliketi nyuma pamoja na Nanjala, mkono umefungwa kifuani kwa leso ya mkewe. Walipita mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, yaliyobaki mabua mafupi tu.

"Huko kliniki," Mzee Kibii alisema hatimaye, "watu wanakusalimia hivyo kila siku."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe uko na sindano kwa mkono."

Kimaiyo alimwona kwenye kioo. Mzee hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama nje.

"Naiweka chini kwanza," alisema. "Nikisikia mtu anakuja, naiweka chini."

"Kama hukusikia anakuja?"

Barabara ilipinda. Lori la mahindi liliwapita. Kimaiyo aliwafikiria watoto wanene na mabibi waliokauka, na mikono yote iliyonyoshwa mbele yake bila swali.

"Jumatatu nitamwambia mkubwa wangu," alisema. "Nitamwambia asinipe watu kwa sasa. Nikae na darubini tu."

"Kesho ni kazi?"

"Kesho niko zamu."

Nanjala alisogea mbele, akaweka mkono kwenye bega la mwanawe, mkono mwepesi, kama asiyetaka kumshtua.

Kimaiyo aliwasha taa ya kando, akatoka barabarani, akasimamisha gari kwenye changarawe. Alitoa simu, akalitafuta jina la mkubwa wake, mama mmoja mkali aliyeitwa Mugure, akabonyeza. Ilipokuwa ikilia, aliteremsha dirisha upepo uingie, na nyuma yake akasikia baba yake akijiweka sawa kwenye kiti, kwa maumivu, ili asikie vizuri.